Tusidanganyane, otopailoti haioni wavuvi

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka huku Tanga. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua mnapenda barua fupi ila hii haitakuwa fupi, mnisamehe, maana jambo lenyewe ndiyo kazi yangu na lina roho za watu ndani yake.

Juzi mlitoa makala ya jamaa mmoja anayesafiri peke yake kwenye boti ndogo ya tanga, akieleza jinsi otopailoti inavyomshikia usukani usiku kucha yeye amelala chini kwenye kabini, akiamka asubuhi anakuta nchi kavu ile pale. Makala nzuri, picha zimependeza, na huyo jamaa anaonekana mtu muungwana. Lakini nilipomaliza kuisoma nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu najua kuna vijana wa huku wataisoma, na wenye boti wataisoma, wataona kumbe kazi ni rahisi namna hiyo, unabonyeza kitufe unavuta shuka. Jamani si hivyo. Kwenye bahari yetu hii yenye wavuvi kila mahali si hivyo kabisa.

Mimi kazi yangu ni kupeleka boti za watu. Mtu yuko Unguja anataka boti yake ije Tanga kufanyiwa matengenezo, au mwenye boti wa Kilifi kamuuzia mtu wa Dar, wananipigia simu, naichukua naipeleka. Mara nyingi naenda peke yangu maana hela ya kumlipa baharia wa pili haipo. Boti zenyewe ndogo ndogo, futi 24, futi 26, ikizidi sana 30. Na nasema wazi kabisa ili asije mtu akadhani naandika kupinga mashine, bila otopailoti hii kazi nisingeiweza. Naipenda na naishukuru. Ndiyo maana nataka watu waijue ilivyo.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, ile ya boti ndogo ni kitu kama pampu ya baiskeli. Bomba la plastiki gumu, ndani lina mota, dira ya umeme na kompyuta ndogo, na mbele inatoka fimbo ya chuma. Upande mmoja unauchomeka kwenye tundu la ubavuni pale unapokaa, upande wa pili fimbo inakaa kwenye pini juu ya kana, ule mpini wa kugeuzia usukani. Niliyonayo mimi inataka ile pini iwe sentimita 46 kutoka kwenye mhimili wa shikio, ule ubao wa usukani ulio majini, ukikosea kidogo tu inasukuma sana au inasukuma kichovu. Unakielekeza chombo unakotaka, unabonyeza, basi. Chombo kikipinda kushoto nyuzi chache inasukuma, kikipinda kulia inavuta, zii, kimya, zii zii, kimya, mchana kutwa. Ile ndogo kabisa watengenezaji wenyewe wanasema ni ya chombo kisichozidi tani 3 na hapo uhesabu na mizigo yako, maji, mafuta, nanga na minyororo, watu wengi wanasahau hiyo wanapima boti tupu.

Faida yake ni mikono. Ukiwa peke yako na kana iko mkononi huwezi kitu kingine chochote, huwezi kupandisha tanga, huwezi kupunguza tanga upepo wa kusi ukikaza, huwezi kuangalia ramani, kuswali, kunywa maji, hata haja ndogo ni mtihani. Nimewahi kutoka Pangani otopailoti imekufa, nikashika kana masaa tisa, nilipofunga kamba pale Tanga vidole vilikuwa haviwezi kufungua kifuniko cha chupa. Kwa hiyo mtu akinunua hii kitu kwa ajili ya kupumzisha mkono nampongeza.

Sasa shida inaanzia hapa. Hii mashine inajua kitu kimoja tu, dira. Haijui upepo umegeuka, haijui mkondo, haijui mwamba, haijui kuna ngalawa mbele. Unapoiambia nyuzi 300 yenyewe itashika nyuzi 300 mpaka ipande nayo mchangani.

Tuanze na mkondo, maana huu ndio unawapoteza wageni wengi. Mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kusi unakaza zaidi. Chukua safari ya Mkoani Pemba kuja Tanga, maili kama 37 za baharini, boti yako inatembea noti tano, yaani maili tano za baharini kwa saa, ni masaa saba na kitu. Mkondo ukiwa noti mbili tu, na unakupiga ubavuni, ndani ya hayo masaa umesukumwa maili 14 kwenda kaskazini. Omo, yaani mbele ya chombo, inaelekea Tanga muda wote, dira inasema Tanga, mashine imefanya kazi yake vizuri haina kosa, lakini wewe unatokea kule Moa karibu na mpaka wa Kenya na huku kati kuna mafungu ya mchanga na miamba kibao. Kuna mashine unaweza kuziunganisha na GPS zikafuata njia badala ya kufuata dira, hizo zinajirekebisha zenyewe, lakini hata hizo zinafuata mstari uliochora wewe, na kama mstari umepita juu ya fungu zitapita hapo hapo.

Halafu upepo. Hili niliwahi kulipata mwenyewe msimu wa kaskazi, natoka Tanga kwenda Unguja, upepo uko nyuma upande wa kushoto, tanga limefunguka lote upande wa bara, bahari tulivu, raha. Nikatoa spika ya bluetooth nikaiweka pembeni yangu nisikilize taarabu. Nikakaa naangalia mbele. Baada ya muda nikaona jua limehama, lilikuwa huku sasa liko kule, chombo kinageuka taratibu kuelekea bara kama kinaitwa, na mashine inalia zii zii kama kawaida haina wasiwasi wowote. Nikainama kuokota kikombe kilichoanguka na hapo hapo upepo ukashika tanga kwa upande wa pili, bumu, ule mti unaoshika tanga kwa chini, likapita juu ya kichwa changu kwa kishindo mpaka mlingoti ukatikisika wote. Kama nisingeinama nisingeandika hii barua. Sababu yake? Spika ina sumaku, na nilikuwa nimeiweka kiganja kimoja kutoka kwenye ile dira iliyomo ndani ya bomba. Sumaku ikaivuta dira, dira ikaidanganya kompyuta, kompyuta ikageuza chombo nyuzi kama hamsini ikiamini inarekebisha. Tangu siku hiyo pembeni ya otopailoti siweki kisu, siweki simu, siweki kopo la maziwa, na upepo wa nyuma lazima bumu nilifunge kwa kamba lisiweze kuvuka.

Umeme nao. Mashine ndogo bahari ikiwa ya wastani inakula kama ampea moja kwa wastani, kwa siku nzima ni ampea-saa 24. Betri ya kawaida ya asidi ya ampea-saa 100 hutakiwi kuimaliza, ukitumia nusu inatosha, yaani 50. Hapo bado taa za usiku, redio, kuchaji simu. Bahari ikichafuka inakula mara mbili au tatu ya hapo kwa sababu mota haipumziki. Sola ya wati 100 inasaidia sana kwa jua letu hili ila angalia kivuli cha tanga, tanga likiifunika nusu siku umepata nusu tu. Na betri ikishuka mashine inapiga pii pii inaachia, na kawaida inaachia saa mbaya, usiku, upepo mkali, wewe umechoka. Dawa kubwa nayoijua ni kusawazisha matanga kwanza. Kama chombo kinakuvuta joshini, yaani upepo unakotoka, mpaka unashindana nacho kwa mkono, na mashine nayo itashindana nacho, itakula umeme na gia zake za plastiki zitaisha. Punguza tanga kubwa, achia kamba ya tanga kidogo, mpaka kana uishike kwa vidole viwili, ndipo uikabidhi mashine. Na mvua na chumvi vinaingia ndani ya lile bomba, mimi nalivalisha kipande cha tyubu ya gari pale fimbo inapotokea, linadumu.

Sasa naomba niseme kilichonifanya nishike kalamu. Mwaka juzi mwezi wa saba nilikuwa natoa boti ya mtu Mkoani kuja Tanga. Niliondoka saa nane usiku ili nifike mchana, maana huwezi kuingia Tanga gizani na yale mafungu. Hakuna mwezi, kusi ya wastani, boti inakimbia vizuri. Nilikuwa nimejiwekea utaratibu, simu inalia kila baada ya dakika 15, nasimama nazunguka macho pande zote, nakaa. Hesabu yake ni kwamba meli kubwa inayotembea noti 18 ikija uso kwa uso na wewe wa noti tano mnakaribiana kwa noti 23, kwa hiyo meli ukiiona iko maili sita una dakika 15 na kidogo hivi kabla hamjakutana. Na kulikuwa na AIS kwenye ile boti, kile chombo cha redio kinachokuonyesha meli zilizo karibu na kupiga alamu. Nilijiona niko salama kabisa. Saa kumi alfajiri baridi ikanishika, alamu ilikuwa ndiyo imetoka kulia, nimeangalia nje hakuna kitu, nikashuka kabini kumimina chai.

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai mkono mmoja nikasikia mtu anagonga kitu. Ko ko ko ko ko. Kama dumu tupu linapigwa na kafi. Kwa sekunde moja hivi nikadhani ni kitu kimelegea kwenye boti yangu. Halafu nikasikia sauti ya mtu, karibu, karibu kama mtu anayeongea chumba cha pili. Nikaruka nje na mbele yangu, upande wa kulia wa omo, kuna weusi mzito kuliko weusi wa bahari, na katikati yake kataa kadogo ka simu kanapungwa. Mashua ya jarife, wale wanaotega nyavu kubwa. Imelala kwenye nyavu zake, haina tanga, haina taa, watu wako ndani. Na otopailoti yangu, zii zii, inaipeleka boti moja kwa moja pale.

Kuitoa mashine kuna njia mbili, kubonyeza kitufe au kunyanyua fimbo kwenye pini. Kitufe sikukiona. Nilinyanyua fimbo kwa nguvu nikasukuma kana kwa paja na chai yote ikanimwagikia mguuni sikuhisi mpaka baadaye. Tulipishana nao kwa urefu wa ngalawa moja, nawaambieni ukweli, niliona macho ya watu. Watano. Mmoja kijana mdogo sana amesimama ameshika kafi kama anataka kuisukuma boti yangu tani mbili na nusu kwa kafi. Shikio langu likapita juu ya wavu likanasa kamba ya juu ya maboya, boti ikasimama ghafla.

Mzee wao, Mpemba, sauti yake sitaisahau, hakutukana. Aliuliza, "Chombo hicho kina mtu?"

Nikasema, "Kina mtu, mzee wangu."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Twakuona kitambo, twakupungia, twapiga kelele, tukasema hiki chombo kimekatika nanga hakina mtu."

Ndugu Mhariri, hayo maneno ndiyo yamenikaa. Wao walikuwa wananiona muda mrefu, taa yangu ya mlingoti inawaka, wakadhani ni chombo kilichoachwa. Na walikuwa sahihi. Kwa zile dakika nilizokuwa chini chombo kile hakikuwa na mtu, kilikuwa na fimbo inayosukuma kana. AIS haikulia kwa sababu wao hawana AIS, sheria ya kimataifa inazilazimisha meli za tani 300 na kuendelea zinazosafiri nchi na nchi, siyo mashua ya jarife. Kwenye kioo changu bahari ilikuwa tupu.

Tulikaa mpaka kukapambazuka tunatoa wavu kwenye shikio. Yule kijana alijitosa na kisu mara tatu. Walikata kipande chao wenyewe ili kuniachia. Nilitoa hela niliyokuwa nayo mzee akachukua kidogo akanirudishia nyingine, akasema nifike salama. Wiki mbili baadaye nilirudi Mkoani nikawatafuta bandarini nikampa yule mzee taa ya sola, ile ya kuning'iniza, inayowaka usiku mzima. Hii siyo sadaka, nilikuwa na deni.

Sheria ya kuzuia migongano baharini ya mwaka 1972, kanuni ya 5, inasema kila chombo wakati wote kiwe na mtu anayeangalia na kusikiliza. Kila chombo, wakati wote. Haijasema isipokuwa chenye otopailoti. Najua wanaovuka bahari kuu peke yao miezi na miezi wanalala vipande vipande, binadamu lazima alale, na wale wako mbali na watu, hatari wanayoibeba kubwa ni ya kwao wenyewe. Mkondo wa Pemba, huu mlango wa bahari kati ya Pemba na bara, siyo bahari kuu. Ni maili 37, unaweza kukesha usiku mmoja. Ukishindwa kukesha ondoka alfajiri, au mchukue kijana wa kukusaidia, au usiende.

Na watu wasidhani kusafiri peke yako kumeanza na hizi mashine. Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, alitoka Boston mwaka 1895 akarudi 1898, hakukuwa na otopailoti duniani. Kwenye Bahari yetu hii ya Hindi alitoka kisiwa cha Thursday kule Australia mpaka visiwa vya Cocos, maili 2,700, siku 23, na jumla ya muda aliokaa kwenye usukani haukuzidi masaa matatu. Alifunga usukani kwa kamba na kusawazisha matanga, chombo kikajiendea. Mwaka 1960 Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki kwenye boti ya futi 25 iitwayo Jester akitumia bapa la upepo, ubao unaosikia upepo na kuvuta shikio kwa nguvu ya maji yanayopita, hakuna waya hata mmoja. Robin Knox-Johnston naye, wa kwanza kuizunguka dunia peke yake bila kusimama njiani, 1968 mpaka 1969, siku 312, boti yake ya futi 32 ilijengwa Bombay kwa mti wa msaji na inaitwa Suhaili, jina ambalo mabaharia Waarabu wanauita upepo wa kusini-mashariki. Mtambo wake wa upepo ulivunjika yuko upande wa Australia akaendelea hivyo hivyo kwa kusawazisha matanga mpaka Falmouth. Na juzi juzi tu 2023 mwanamke wa Afrika Kusini, Kirsten Neuschäfer, kashinda mbio za Golden Globe za kuizunguka dunia peke yako, siku 235, kwenye mashindano ambayo otopailoti ya umeme imekatazwa, ni bapa la upepo tu. Katikati ya mbio hizo, Novemba 2022, aliacha njia yake akaenda kumwokoa mwenzake ambaye boti yake ilizama kwenye hii hii Bahari ya Hindi. Wote hao walijua chombo kinajiendea, na walijua pia kwamba kujiendea siyo kuona.

Marehemu mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anafunga kana ya mashua kwa kamba wakati anatengeneza chambo. Alikuwa amekaa tezi, nyuma ya chombo, mikono inakata ngisi, lakini kila mara anainua uso. Sijawahi kumuona akifunga kana halafu akageuka nyuma. Ndivyo nilivyolelewa, na usiku ule nilikuwa nimesahau kwa sababu mashine ilikuwa haijawahi kuniangusha.

Naomba kwa wenye boti mambo mawili matatu. La kwanza jifungeni kamba ya usalama mkiwa peke yenu na mashine inafanya kazi, usiku na mchana. Ukidondoka boti haikusubiri. Noti tano ni mita 150 kwa dakika moja, hakuna binadamu anayeogelea hivyo. Mimi navuta kamba ya mita 30 nyuma ya boti, inayoelea, mwisho wake ina fundo kubwa, na huku juu imefungwa kwenye fimbo ya otopailoti kwa namna kwamba ukiivuta kutoka majini fimbo inachomoka kwenye pini. Kana ikiachiwa boti nyingi zinageuza omo kwenye upepo zinasimama. Ijaribuni mchana, mtu mwingine akiwa ndani, muone boti yenu inafanya nini, maana kila boti ina tabia yake.

La pili jifunzeni njia isiyo na umeme. Unachukua kamba ya tanga, unaipitisha kwenye kapi upande wa joshini unaifunga kwenye kana, na upande wa demani, upepo unakoelekea, unafunga mpira wa tyubu ya baiskeli unaovuta kinyume. Upepo ukizidi, tanga linavuta kana joshini na chombo kinaachia upepo, upepo ukipungua mpira unakirudisha. Inachukua nusu saa ya kuhangaika na kamba mpaka ikae sawa, halafu inakaa. Siku betri imekufa utaikumbuka.

La tatu, kwenye njia za wavuvi usiku, msishuke chini. Chai mimina kabla hujaondoka, chupa iweke miguuni.

Na ndugu zetu wavuvi nao nawaomba, kwa heshima zote maana bahari ni yenu kabla haijawa yangu. Wekeni taa. Najua wengine mnazima kwa sababu ya betri, wengine kwa sababu hamtaki wenzenu wajue samaki wako wapi usiku huo. Lakini hizi boti za tanga zinaongezeka, na nyingi zina mtu mmoja na mashine. Wenye mamlaka za bahari na vikundi vya wavuvi vya ufukweni wakiweza kusaidia taa za sola kwa mashua za jarife itakuwa jambo kubwa kuliko kuandika faini. Na kozi za manahodha wa boti ndogo ziingize somo la hii mashine, sasa hivi kijana anafundishwa na muuzaji tu, na muuzaji anamwonyesha vitufe.

Kuhusu yule jamaa wa kwenye makala, sina ugomvi naye hata kidogo. Kama msimu huu anapita huku kwetu naomba mmpe namba yangu, nimeiacha ofisini kwenu. Aje Ras Kazone hapa Tanga tuketi na ramani nimwonyeshe wapi mashua za Mkoani zinatega jarife miezi ya kusi na saa ngapi wanavuta nyavu, apange safari yake ya mchana.

Wenu katika bahari,
Mpeleka boti, Tanga